Nyuki wa kwenye ua hana ugomvi nawe
Wapiga picha wengi wanaotembelea Unguja huogopa kumsogelea nyuki aliyetua kwenye ua la mpera, wakidhani atawavamia. Si kweli. Yule yuko kazini, miguu ya nyuma imebeba vidonge vya chavua, na pale hana asali wala watoto wa kulinda. Atauma akibanwa au akikanyagwa, basi. Hatari iko mzingani: hapo hata pumzi yako huwachokoza, na mmoja akiuma huacha harufu inayofanana na ndizi mbivu, nayo huwaita wenzake. Ukiinusa, ondoka, picha utapiga siku nyingine. Kwenye ua, shida yako ni mabawa tu: hupigwa zaidi ya mara 200 kwa sekunde, hivyo hata ukiweka kasi ya kamera ya 1/1000 ya sekunde, huonekana na ukungu pichani.