Jalidi: kwa nini mboga huungua usiku ambao anga ni jeupe

Jalidi ni barafu nyembamba inayotanda juu ya majani, nyasi na udongo pale vitu hivyo vinapopoa hadi nyuzijoto 0 au chini yake. Haidondoki kutoka juu kama mvua ya mawe, wala si theluji. Ni mvuke uliomo hewani unaogandia papo hapo kwenye jani. Kwa mwenye bustani nyuma ya nyumba huko Makete, Njombe au Mufindi, nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, hiyo ndiyo sura halisi ya kipupwe: kati ya Juni na Agosti unafungua mlango asubuhi unakuta nyasi nyeupe, jua linachomoza, na ikifika saa nne majani ya maharage yamelala chini, meusi, kama mboga iliyotolewa kwenye maji ya moto. Ndiyo maana watu husema mboga zimeungua, ingawa kilichoziunguza ni baridi.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba usiku unaotisha ni ule wa baridi ya mawingu, manyunyu na upepo unaopenya kwenye madirisha. Usiku huo ni adha kwa binadamu, lakini kwa mboga si mbaya hata kidogo. Mchana ardhi hupokea joto la jua, na usiku huliachia lipande angani. Mawingu yakiwepo, sehemu kubwa ya joto hilo hurudishwa chini. Upepo ukivuma, huichanganya hewa iliyopoa karibu na ardhi na ile ya juu yake yenye joto kidogo. Anga likiwa jeupe, nyota zimejaa, na hakuna hata jani linalotikisika, joto lote hupotea bila kizuizi, na jani la nyanya huwa baridi kuliko hata hewa inayolizunguka. Kwa hiyo ukisikia utabiri wa nyuzijoto 3, usijipe moyo. Kipimo cha hali ya hewa huwekwa ndani ya kisanduku chenye kivuli, yapata mita moja na nusu kutoka ardhini. Chini kwenye tuta lako inaweza kuwa imeshafika 0.

Hili ndilo linaloeleza jambo ambalo wengi hulishangaa kuhusu Kenya. Limuru na Kinangop hukaa chini ya mawingu mazito mwezi Julai, watu wamejifunika makoti, lakini miezi inayoogopewa zaidi kwa jalidi kwenye nyanda za juu za huko ni ya kiangazi cha Desemba hadi Februari, mchana ukiwa na jua kali na usiku anga likiwa wazi. Januari 2012 chai iliungua Kericho na Nandi, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Kusini mwa Tanzania mambo mawili hukutana: kipupwe ndicho kiangazi. Baridi na anga jeupe huja pamoja, na ndiyo maana Juni hadi Agosti ni miezi mibaya kule.

Sasa tazama bustani ilipo. Hewa iliyopoa ni nzito, hivyo usiku huteremka polepole kufuata mteremko na kutuama bondeni. Nyumba mbili za jirani, moja juu na moja chini kwenye kijito, zinaweza kuamkia hali tofauti kabisa: huku sukuma wiki imelowa umande tu, kule matuta yamekuwa meupe. Tatizo ni kwamba kiangazi maji nayo yako kule kule chini. Vinyungu, zile bustani za mabondeni zinazolimwa Iringa na Njombe wakati wa ukame kwa kutegemea unyevu wa udongo, viko mahali hasa baridi inapotuama. Sioni haja ya kumlaumu anayelima pale, kwa sababu juu hakuna maji. La kufanya ni kuchagua cha kupanda. Kabichi, sukuma wiki, karoti, vitunguu na vitunguu saumu vinastahimili jalidi nyepesi, na kabichi na sukuma wiki huongezeka utamu kidogo, kwa kuwa mmea ukipata baridi hukusanya sukari kwenye majani. Njegere changa nazo huvumilia, ila maua na maganda yake ni dhaifu. Nyanya, maharage, maboga, matango, pilipili na mchicha visiende bondeni Juni. Uvipande karibu na nyumba, hasa upande wa ukuta wa tofali unaopigwa na jua la alasiri, kwani ukuta huo huachia joto lake usiku.

Ndani ya jani, maji huanza kuganda kwenye nafasi zilizo baina ya seli na seli, kisha barafu hiyo huvuta maji kutoka ndani ya seli zenyewe mpaka zinakauka na ngozi zake kupasuka. Uharibifu unakuwa umeshafanyika kabla ya jua kutoka. Jua linauonyesha tu.

Kinga ya bustani ndogo ni kufunika, na hapa watu hukosea jambo moja. Kitambaa hakina joto lake. Kazi yake ni kuzuia joto linalotoka udongoni lisiende zake. Kwa hiyo shuka kuukuu, kiroba au turubai lazima lishuke hadi ardhini pande zote na kubanwa kwa mawe. Ukilifunga kwenye shina na kuacha chini wazi, umekizuia nje kile ulichokuwa unakitafuta. Nailoni isiguse majani, kwa sababu pale inapogusa ndipo panapoganda. Simika vijiti kwanza. Funika kabla jua halijazama, ufunue asubuhi kukishapata joto.

Matandazo ya nyasi kavu, yanayosifiwa kwa haki mwaka mzima, usiku wa jalidi yana kasoro: huzuia joto la udongo lisipande kwenye majani yaliyo juu yake. Mizizi inalindwa, majani yanaumia zaidi. Kwenye tuta la nyanya au maharage, yasogeze pembeni jioni za hatari, au mwagilia udongo mapema mchana ili upate jua ukiwa na unyevu. Udongo mbichi hutunza joto kuliko mkavu. Ua wa miti uliosongamana upande wa chini wa bustani nao huizuia hewa baridi isiendelee kuteremka, basi acha mwanya. Kuhusu kuchoma majani mabichi ili moshi utande, moshi hauzuii joto kama mawingu yanavyolizuia. Kinachosaidia ni moto wenyewe, na kwa bustani ya nyumbani kuni hizo ni afadhali zipikie.

Ikishatokea, usikimbilie panga. Maharage yaliyoungua majani na shina lote yang'oe, hayana mategemeo. Nyanya zilizoganda zitalainika na kuoza, hivyo chuma zile nzima. Viazi mviringo ni habari nyingine: majani yakifa, viazi vyenyewe vimo salama ardhini, na mmea mchanga mara nyingi huchipua tena kutoka chini, ingawa mavuno hupungua. Kama vilikaribia kukomaa, viache wiki mbili hivi ganda likaze, kisha uchimbe. Na mche wa parachichi uliogeuka kahawia usiukate mwezi huo huo. Subiri mvua zianze na machipukizi yatoke, ndipo uone tawi limekufa hadi wapi, kwani mara nyingi shina huwa hai chini kuliko unavyodhani.