Jedwali la visanduku 64: kunyoosha amplifaya bila kuila betri

"Kaka, hivi amplifaya inayotoa wati 40 inakulaje wati 200? Hizo 160 zinakwenda wapi?" Kijana ninayemfundisha kazi aliniuliza hivyo tukiwa chini ya mnara upande wa Longido, jua la saa nane mchana. Nikamwambia zinapasha moto hewa ya Longido. Tulicheka, lakini mnara ule unategemea sola na betri, na swali lake ndilo limenileta kuandika.

Amplifaya ya redio hutumia umeme vizuri inapokaribia ukomo wa nguvu zake, na hukohuko ndiko inakoharibu ishara. Umemsikia MC wa harusi akiimeza maiki huku sauti imefunguliwa yote? Maneno yanakwaruza. Fundi muziki akipunguza, sauti inasafika, ila mashine kubwa imebaki kufanya kazi ndogo. Nasi kwenye minara tunapunguza vilevile, na ufanisi unashuka hadi asilimia 20 hivi. FM haina tatizo hili, kwa kuwa kimo cha wimbi lake hakibadiliki. Ishara ya 4G, 5G au televisheni ya kidijitali ni mawimbi mengi madogo yaliyojumlishwa, na mara mojamoja yanapanda kwa pamoja hadi kilele kinafika mara 10 ya nguvu ya wastani. Kilele hicho kikibanwa, nishati inamwagikia chaneli za jirani. Kwenye skrini ya kipimo unaona ishara imeota mabega pande zote mbili. Viwango vya minara ya simu vinataka chaneli ya jirani iwe chini kwa dekibeli 45, yaani kama sehemu moja kwa 30,000.

Dawa yake ni kuipotosha ishara makusudi, ikiwa bado ni namba ndani ya chipu, kabla haijawa wimbi, kinyume na amplifaya itakavyoipotosha. Inapobana, wewe unaongeza. Inapozungusha fezi (mahali wimbi lilipo kwenye mzunguko wake), unazungusha upande wa pili. Ukifaulu na ufanisi ukapanda hadi asilimia 40, wati zile 200 zinakuwa 100. Kwa siku umeokoa yuniti 2.4 za umeme. Lakini chukua kimnara kidogo cha wati 1 tu: unaokoa wati 2.5. Chipu ya kukokotoa ikila wati 3, bora ungelala.

Ndiyo maana sipendi kuanza na polinomiali ndefu zinazojaza vitabu, yaani hesabu za kuzidisha ishara kwa yenyewe mara nyingi na kujumlisha. Amplifaya hutanua ishara: kosa la daraja la tano (ishara iliyojizidisha mara tano) huifanya ya megahezi 20 ienee hadi 100, kwa hiyo unahitaji takriban sampuli, yaani vipimo vya ishara, milioni 100 kwa sekunde. Kila kuzidisha unakokwepa, umekukwepa mara milioni 100 kila sekunde. Polinomiali ya madaraja matano yenye kumbukumbu ya sampuli nne, ya sasa na tatu zilizopita, ina vigawo 20 changamano, yaani namba zenye sehemu mbili. Kwa njia ya kawaida ni kuzidisha mara 80, na hujagusa vipeo.

Mimi naanza na jedwali la visanduku 64, kila kisanduku kikibeba kirekebisho cha kiwango chake cha nguvu. Jedwali halina makuu. Sampuli nayo ni namba changamano: chukua sehemu zake mbili, kila moja izidishe kwa yenyewe, jumlisha. Hiyo ni nguvu yake, na kipeuo cha pili hukihitaji. Biti sita za juu zinakupa anwani ya kisanduku kimoja kati ya 64, ndani yake kuna namba changamano moja, zidisha, umemaliza. Kuzidisha ni mara sita tu kwa jumla. Kwa kupanga kwa nguvu badala ya kimo, visanduku vingi huangukia juu, kwenye kubana, ingawa kwa amplifaya inayopinda ghafla hata kwenye nguvu ndogo utalipia uchoyo huo wa visanduku vya chini. Bendi ikiwa pana, amplifaya hukumbuka sampuli zilizopita. Hapo ongeza majedwali, moja kwa kila ucheleweshaji. Manne yanafika mara 18.

Kujifunza nako si kugumu: linganisha kilichotoka na ulichotaka, kisha sogeza kidogo kisanduku kilichotumika. Hapa ndipo nilipochoma tranzista. Amplifaya ilikuwa imefika mwisho, haiwezi zaidi, na jedwali likaona pengo likazidi kuongeza kwenye kisanduku cha mwisho, sampuli baada ya sampuli, mpaka nikasikia harufu. Tangu siku ile naweka kikomo kwanza, na vilele navipunguza kabla ishara haijafika kwenye jedwali. Kosa jingine ni kulinganisha sampuli zisizolingana kwa wakati. Hata nusu ya sampuli inatosha kukufundishia upuuzi.

Siku ile Longido tulilifundisha jedwali kwenye joto, mabega yakashuka, kijana akataka tufunge vifaa turudi Arusha. Nikamwomba tusubiri. Saa tano usiku, baridi imeingia, amplifaya imepoa, mabega yalikuwa yameota tena. Alifungua programu mwenyewe, akawasha kujifunza polepole kusikozimwa, akajifunika koti akakaa kuangalia skrini.