Ng'ombe wa nyasi na wanyamapori: ushahidi uko wapi?

Karibu kila ranchi ya kaunti ya Laikipia, Kenya, inayouza nyama ya ng'ombe wa nyasi, yaani waliokuzwa malishoni, ina picha ileile: ng'ombe wa Boran wanono mbele, twiga nyuma yao, Mlima Kenya ukichungulia kwa mbali. Picha ni nzuri, ila haithibitishi lolote. Leo twiga yuko kwako, kesho yuko kwa jirani, na huenda alihamia kwako kwa sababu huko alikotoka majani yameisha. Mimi ni mtaalamu wa ikolojia ya nyanda za malisho, na wenye ranchi huniuliza swali hili kila mara: mnunuzi akitaka nimthibitishie kwamba ng'ombe wangu hawaimalizi nyika, nimwonyeshe nini?

Mnunuzi ana haki ya kuwa na shaka. Kati ya 1977 na 2016, wanyamapori katika nyanda za malisho za Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Ng'ombe wenyewe walipungua pia katika kipindi hicho. Walioongezeka hasa ni kondoo na mbuzi. Kwa hiyo anayesema "ng'ombe ndio tatizo" amerahisisha mambo, na anayesema "ng'ombe ni rafiki wa mazingira" kadhalika.

Ushahidi huanzia kwenye ulinganisho, na kwa bahati nzuri Laikipia ina ulinganisho ambao mahali pengi duniani haupo. Tangu 1995, katika kituo cha utafiti cha Mpala, kuna vitalu 18 vya hekta nne kila kimoja, vimewekewa uzio kwa namna tofauti. Kingine hakiingii mnyama mkubwa yeyote. Kingine wanaingia ng'ombe tu. Kingine punda milia na swala wanapita lakini tembo na twiga wanazuiwa, na kingine ni ruhusa kwa wote. Mwaka 2011 mtafiti Wilfred Odadi na wenzake walichapisha walichokiona hapo. Wakati wa kiangazi, ng'ombe waliolishwa pamoja na wanyamapori waliongezeka uzito kidogo kuliko waliolishwa peke yao. Wakati wa mvua mambo yakageuka: waliochangamana na wanyamapori ndio walionenepa zaidi. Punda milia hula mabua makavu yaliyozeeka, na ng'ombe akipita baadaye anakuta nyasi zenye lishe bora.

Ndiyo maana ranchi ikiniletea takwimu za msimu wa mvua peke yake, naziweka kando kwanza. Nataka kuona ilifanya nini ukame ulipokaza. Katika ukame uliofuata mvua zilizogoma tangu mwisho wa 2020, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya lilihesabu mizoga ya tembo 205, nyumbu 512 na punda milia wa Grevy, ile aina adimu, 49 kati ya Februari na Oktoba 2022. Wa Grevy waliobaki duniani ni takribani 3,000 tu, kwa hiyo 49 si idadi ya kupuuza. Maswali yangu hapo ni ya kawaida kabisa. Uliuza maksai lini, nyasi zikiwa bado zipo au baada ya udongo kubaki mtupu? Birika la maji lilikuwa wazi usiku, ng'ombe wakiwa bomani, ili punda milia wanywe? Daftari la mauzo ya mifugo ni hati ya uhifadhi, ingawa wahasibu wengi hawajui hilo.

Sasa nije kwenye boma, mahali ambapo mfugaji ana hoja nzito kuliko anavyodhani. Ng'ombe anakula eneo pana mchana kutwa, jioni anarudi kulala mahali pamoja. Mavi na mkojo vinarundika naitrojeni na fosforasi katika kipande kidogo cha ardhi. Boma likihamishwa na mvua zikanyesha, kwanza huota magugu, kisha nyasi laini za jamii ya Cynodon, na katikati ya vichaka vya migunga hubaki uwanja wa kijani. Swala pala wanaupenda, hasa majike wanaonyonyesha, kwa sababu wanahitaji fosforasi. Na hapo swala humwona simba kwa mbali. Hata mijusi midogo wa mitini wameonekana kuwa wengi zaidi kwenye miti iliyo karibu na viwanja hivyo. Rutuba yenyewe haiishi upesi. Utafiti uliotoka mwaka 2018 ulipima udongo wa maboma ya wafugaji wa kale huko Narok, yenye umri wa miaka kama 1,500 hadi 3,700, ukakuta bado una virutubisho kuliko udongo unaoyazunguka. Wafugaji walikuwa wakiijenga savana hii zamani sana kabla ya neno bayoanuwai kuzaliwa.

Siku hizi ranchi nyingi zinatumia maboma ya kuhamishika, ya vipande vya chuma, ambayo pia yanamzuia simba. Lakini kuhamisha boma peke yake hakutoshi. Ukilihamishia kando ya mto, mvua inasomba mavi yote majini. Ukiliacha mahali pamoja kupita kiasi, unabaki na vumbi. Kwa kila boma nataka niandikiwe mahali lilipo kwa GPS, tarehe ya kuingia na kutoka, na idadi ya ng'ombe waliolala hapo; kisha picha kutoka kigingi kilekile, mwezi uleule, mwaka baada ya mwaka. Mpaka nyasi ziote, silihesabu kuwa mafanikio.

Nje ya boma, kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha bei rahisi. Tandaza kamba ya mita 100, na kila mita dondosha fimbo nyembamba ya chuma. Andika ncha imegusa nini: nyasi hai, majani makavu yaliyolala chini, au udongo mtupu. Ikigusa udongo mtupu mara 30, asilimia 30 ya ardhi hiyo iko wazi, na humo ndimo mmomonyoko unaanzia. Andika na aina ya nyasi, maana Themeda triandra, nyasi nzuri ya malisho, ikipotea polepole huku nyasi zisizoliwa zikiongezeka, ardhi inaweza kuonekana imefunikwa vizuri na bado inaharibika. Kaskazini mwa kaunti angalia dungusi (kakati) pia. Mmea huo umevamia malisho mengi, na tembo na nyani wanausambaza kwa kula matunda yake.

Josho nitalitaja kwa ufupi. Ng'ombe wanaoogeshwa wakilisha pamoja na wanyamapori hupunguza kupe katika eneo lote, na hilo limepimwa hapa Laikipia. Lakini dawa ina upande wake wa pili: zile za zamani zenye aseniki ziliua askari wa kifaru, ndege wale wanaopanda mgongoni mwa ng'ombe kula kupe. Aivamektini ya minyoo nayo hutoka na mavi na kuua mabuu ya mbawakawa wanaoyafukia. Mtibu ng'ombe anayehitaji, usifuate kalenda. Pindua mavi ya siku mbili kwa buti: ukikuta vishimo chini yake, mbawakawa wapo.

Jambo moja ranchi nyingi hulificha, nami nadhani zinakosea kulificha: mifugo iliyoliwa. Mahali penye simba, ndama watapotea. Ranchi ikiniambia haijawahi kupoteza hata mmoja, naanza kuuliza kuhusu sumu, maana mzoga uliotiwa kabofurani, dawa ya kuua wadudu, unaua simba, fisi na tumbusi kwa mpigo mmoja. Daftari la wachungaji lenye tarehe, mahali na mnyama aliyehusika lina uzito kuliko ripoti ya mshauri aliyekaa siku tatu, nikiwemo mimi.

Kama unaanza mwaka huu, anza na mistari sita tu ya ile kamba ya mita 100: miwili karibu na maji, miwili mbali, miwili kwenye maboma yaliyohamwa. Pima mwishoni mwa kiangazi, Februari au mapema Machi, kabla mvua ndefu hazijafunika kila kitu kwa kijani, kisha rudia Juni. Wachungaji ndio washike fimbo. Wao watakuwapo mwaka ujao.