Vipokezi vya TGF-beta: kushika si kupokea

Dhana: Jina la protini hueleza kazi yake.
TGF-beta, protini inayobeba ujumbe kati ya seli, ilipata jina (kwa Kiingereza transforming growth factor, yaani kikuzi kinachogeuza) kwa sababu, ikisaidiana na vichocheo vingine, ilizifanya seli za kawaida zikue kama za saratani. Lakini seli nyingi za epithelia, yaani tabaka linalofunika viungo, zikiipata huacha kugawanyika. Jibu linategemea seli inayoupokea ujumbe.

Dhana: Kinachoishika protini kwa nguvu ndicho kipokezi chake.
Kosa hili ndilo linalopoteza watu wengi, na linaeleweka. Kipokezi hasa ni protini ya seli inayopokea ujumbe wa nje na kuupitisha ndani. Katika miaka ya 1980 watafiti waliitia TGF-beta iodini yenye mionzi, wakaimimina juu ya seli, wakaifunga kwa kemikali pale iliponata, kisha wakazitenganisha protini kwenye jeli. Ilijitokeza mistari mitatu: aina ya I na ya II, zenye uzito wa makumi ya kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli), na ya III, iliyozidi 200. Ya III iliishika TGF-beta barabara, nani asingeiteua?

Seli za mapafu ya minki, mnyama mdogo wa manyoya, ndizo zilizofumbua jambo. Zilipatikana zilizobadilika jeni, zisizojali tena amri ya kuacha kukua. Aina ya III bado ilikuwepo. Iliyokosekana ni ya I, na katika nyingine I na II pamoja. Kumbe ya III ina mkia mfupi tu ndani ya seli, usio na kimeng'enya cha kupitisha ujumbe. Si bure, hata hivyo: TGF-beta2, mojawapo ya aina za TGF-beta, huishika aina ya II kwa shida, na ya III ndiyo huisogeza karibu.

Dhana: Jeni ya kipokezi ikiwekwa kwenye seli ngeni, hakika kitashika.
Aina ya II ilinaswa hivyo mwaka 1992, katika kazi ya wanabiolojia akina Harvey Lodish na Robert Weinberg huko Marekani: jeni ziliingizwa katika seli za COS, zitokanazo na figo za tumbili, kisha ikatafutwa seli iliyonasa TGF-beta yenye mionzi. Aina ya I isingepatikana kwa mtego huo, maana peke yake haiishiki TGF-beta. Ilifikiwa kwa kutafuta jeni zinazofanana na za vipokezi vilivyokwisha kujulikana.

TGF-beta hushikwa kwanza na aina ya II, ndipo ya I huvutwa. Ya II huitia ya I fosfeti, kikundi cha kemikali kinachoiamsha, nayo ya I huzitia fosfeti Smad2 na Smad3, protini zinazopeleka ujumbe kwenye kiini cha seli. Kwa hiyo ukijaribu kipokezi kimoja kikiwa peke yake na jeli ikatoka tupu, usikifute bado kwenye orodha. Kijaribu tena pamoja na mwenzake.