Vipele vya ndevu sio fangasi, mashine yangu iacheni

Nishachoka bana. Kila wiki lazima mtu akae kwenye kiti, anyanyue kidevu anioneshe shingo imejaa vipele, alafu aseme kwa sauti mpaka wanaosubiri kwenye benchi wasikie, eti saluni aliyonyoa mara ya mwisho mashine chafu imempa fangasi. Haya. Nikimuuliza huwa unanyoaje kaka, anasema wembe, kila asubuhi, anapandisha kutoka kooni kwenda juu, anavuta na ngozi ili paterezeke. Sasa hapo mashine ya watu imeingiaje?

Sikia. Ndevu zetu ni kipilipili, zinaota zikiwa zishapinda tangu ndani ya ngozi. Ukikata kwa wembe chini kabisa unywele unabaki na ncha kali, ukianza kukua unapinda unarudi kuchoma ngozi pembeni ya pale ulipotokea. Na ukivuta ngozi wakati unanyoa ndo unaharibu kabisa, maana unywele unakatwa ukiwa umevutwa, ukiachia unarudi chini, unaanza kuota humohumo ndani hata nje haujatokea. Mwili unauchukulia kama mwiba umeingia, panavimba, panawasha, unakuna, panatoa usaha, pakipona panabaki peusi. Kwahiyo kadiri unavyonyoa chini zaidi ili "vipele viishe" ndivyo unavyovipanda vingine. Na hauko peke yako, wataalamu wa ngozi wanakadiria kati ya asilimia 45 na 83 ya wanaume weusi wanaonyoa wanapata hii shida. Jeshi la Marekani lenyewe kwa miaka mingi lilikuwa likiwapa askari wenye vipele hivi cheti cha daktari wasinyoe.

Kuna mteja wangu anafanya kazi kule Mtumba, kwenye ofisi za serikali, alikuwa anabisha sana. Nikamwashia tochi ya simu nikampa kioo, kwenye kipele kimoja chini ya taya unywele unaonekana kabisa umepiga kitanzi, pande zote mbili zimezama kwenye ngozi. Nikachukua sindano mpya nikapitisha katikati nikaunyanyua, ncha ikachomoka. Ndefu! Akabaki ananiangalia. Ila hapo ndo mwisho, unaunyanyua tu hauung'oi, ukiung'oa unaota mwingine unapotelea humohumo.

Alafu mnanishangaza na spiriti. Mtu kashanyolewa, ngozi ina michubuko, anataka nimmwagie spiriti mpaka machozi yamtoke ndo aamini kapona. Spiriti inaua vijidudu sawa, ila haiuzuii unywele kupinda, na kwa upepo huu wa Dodoma na ukavu wa mwezi wa saba ngozi inakauka inapasuka. Paka mafuta ya alizeti kidogo ulale, si yanakamuliwa hapahapa kwetu. Na ile tyubu ya duka la dawa yenye dawa tatu ndani, wengi wanaikimbilia kwa sababu siku ya tatu vipele vinanywea, ndani yake kuna steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, hiyo ndo inayonywesha, ukiipaka miezi ngozi inakuwa nyembamba, inapauka, na vipele vinarudi na wenzake.

Dawa yangu mimi ni moja na hamuipendi: acha kunyoa kama mwezi hivi. Zikifika sentimita moja nyingi zinajichomoa zenyewe. Baada ya hapo tumia mashine, bakisha milimita moja, fuata zinakolalia, ngozi usivute. Hautateleza kama chupa, ndio, sasa unataka shingo au unataka kuteleza?

Fangasi wa ndevu wapo, sikatai, tena huku kwetu wanaoshika ng'ombe kila siku wanawapata. Ila wale wanakuja na magamba, nywele ukizivuta zinatoka bila hata kuuma. Huyo simgusi, aende hospitali akapewe vidonge, mafuta ya juujuu mara nyingi hayafiki kwenye shina.

Mengine haraka haraka. Kunyoa sana hakuongezi ndevu wala hakuzifanyi ziwe nene, mtafiti Mildred Trotter alilipima hilo Marekani akaliandika 1928, hakuona tofauti, mtu anadanganyika kwa sababu ncha iliyokatwa haina ule wembamba wa mwanzo, ukipapasa inakwaruza. Vijana wa chuo mnaojichana na wembe kavu kila siku mtabaki na vinywele hivyo hivyo vitatu mpaka wakati wake ufike. Na kutokuwa na ndevu sio upungufu wa uanaume, ni jinsi ngozi yako inavyoipokea homoni, umerithi. Homoni hiyohiyo inayootesha ndevu kidevuni ndo inayopukutisha nywele utosini, ndo maana unakuta mzee ana kipara kinang'aa na ndevu mpaka kifuani.

Alafu jamani, O ni sharubu zimeshuka zikaungana na kidevu. Ukitaka kidevu peke yake sema ndevu za mbuzi, ukitaka za kushuka toka masikioni sema sharafa. Mtu anasema "nichongee O", namaliza, ananuna kwamba sharafa zake ziko wapi.

Ila kitu mnachotakiwa kunipigia kelele hamnipigii. Mtu anaogopa mashine itampa fangasi, wakati huohuo anamuona fundi anatoa wembe uliokwishatumika anachongea mstari wa mwenzake, zamu yake ikifika anakaa kimya. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi nje ya mwili siku 7, kwenye damu ambayo hata huioni kwa macho. Wembe ufunguliwe mbele yako, ukiona umeshafunguliwa nyanyuka kwenye kiti, hata kama ni kwangu.