Kodi ndiyo iliyowapeleka Tanga

Ukitafuta dada wa kazi Dar es Salaam, utaambiwa uagize Iringa au Njombe. Ukiuliza kwa nini, jibu liko tayari: watu wa kule ni wachapakazi, hawana makuu, ndivyo walivyo. Mimi ni mwanahistoria wa masuala ya kazi, nafundisha hapa Iringa, na jibu hilo linaniuma. Hakuna kabila lililoumbwa ili litumikie mashamba na nyumba za wengine. Kuna watu waliobanwa na kodi kwa miaka mingi mpaka ikabaki njia moja tu ya kutokea, na kubanwa kwao kunajulikana, kumeandikwa, na wazee wetu wanakukumbuka.

Historia ya ukoloni huku kwetu tumezoea kuianza na Mtwa Mkwawa, na ni haki yetu. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, askari wake walikivunja kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Kalenga, ngome yake, ilianguka Oktoba 1894. Mkwawa akaendelea kupigana porini hadi 1898, akajiua asikamatwe. Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani, likarudishwa mwaka 1954, na leo liko kwenye makumbusho ya Kalenga.

Mwaka huohuo wa 1898 lilianza jambo jingine ambalo halina makumbusho wala mnara: kodi ya nyumba. Sheria yake ilitungwa 1897, na ilipoanza kutumika mwaka uliofuata, nyumba ya kijijini ilitozwa rupia 3.

Tazama ilivyofanya kazi. Mtu wa Ubena, huko Njombe, au wa Uhehe, hapa Iringa, alikuwa na ulezi, mahindi, mifugo, asali. Alikuwa anakula na kuoa bila kugusa rupia. Mwanzoni wakubwa walikubali kulipwa kwa mazao au kwa siku za kazi, lakini walichokitaka hasa ni fedha taslimu, na fedha taslimu ilipatikana kwa Mzungu: kwenye shamba lake, kwenye barabara yake, kwenye mzigo wake. Kujaza hazina lilikuwa lengo moja. La pili, nalo halikufichwa, lilikuwa kumtoa mwanamume shambani kwake aingie kwenye kazi ya mshahara. Kwa hiyo anayesema kodi ile ilikuwa kama kodi nyingine yoyote, ya kuleta huduma, hajaitazama vizuri.

Waliokataa walijibiwa. Septemba 1905, vita vya Maji Maji vilipofika huku, Wabena waliishambulia misheni ya Yakobi karibu na Njombe. Jibu la Wajerumani kusini lilikuwa kuchoma vijiji, maghala na mazao yaliyokuwa shambani. Ofisa wao mmoja, Kapteni Wangenheim, aliwaandikia wakubwa wake Oktoba mwaka huo kwamba kwa maoni yake njaa na dhiki pekee ndizo zitakazowafanya watu wasalimu amri kabisa. Ikawa hivyo. Wanahistoria wanakadiria kuwa watu kati ya 200,000 na 300,000 walikufa kusini mwa nchi, wengi wao kwa njaa. Waliobaki ndio waliotakiwa kulipa kodi.

Waingereza walipochukua nchi hawakuifuta kodi hiyo. Mwaka 1922 waliiandika upya, wakaunganisha kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Halafu akaja Gavana Donald Cameron na utawala wa kupitia machifu. Mwaka 1926 ukoo wa Mkwawa ulirudishiwa utemi kupitia mwanawe, Sapi. Wahehe walifurahi, na nani asingefurahi? Lakini chifu wa Cameron alikuwa na daftari. Yeye na wazagila wake, yaani machifu wadogo walio chini yake, ndio walioandikisha vichwa na kufuatilia wasiolipa, na mshahara wake ulitoka kwenye hazina iliyojazwa na kodi hiyohiyo. Nadhani hili liliumiza kuliko bunduki, kwa sababu mtu uliyekuwa ukimpelekea shauri lako la ng'ombe au la mke ndiye sasa aliyetuma tarishi akukamate.

Sasa jiulize kwa nini mkulima wa Njombe hakuuza mazao tu akamaliza deni lake. Reli ya Kati ilifika Kigoma 1914, ikapita mbali kaskazini yetu. Nyanda za juu kusini hazikupata reli mpaka TAZARA, miaka ya 1970. Gunia la mahindi kutoka Njombe lilikuwa linamalizwa na gharama za njiani. Chai ya Mufindi ilikuwa zao la walowezi. Wakulima wadogo waliingia kwa wingi baada ya uhuru. Kitu kilichoweza kutoka Ubena na Ukinga bila reli na kikafika sokoni kwa miguu yake chenyewe ni mwanamume.

Soko lilikuwa mkonge. Richard Hindorf aliuleta 1893, na miche 62 tu ilifika hai. Kutokana na hiyo yakatoka mashamba ya Tanga na Morogoro yaliyokula vijana wa huku kwa vizazi viwili. Hao ndio manamba. Kwenye mashamba hayo kila mmoja alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi ambazo zilipaswa kukamilika ndani ya siku 42. Mzee mmoja wa Lupembe alinieleza. Unaamka alfajiri, unapewa mistari yako. Jani la mkonge lina mwiba nchani, unaukata kwanza usikutoboe jicho. Unakata jani, unafunga mafungu, unayapanga pembeni ya reli ndogo yapelekwe korona, ile mashine ya kuchambulia nyuzi. Mnyapara anahesabu. Ukipungukiwa, kipande hakiwekwi alama, na siku hiyo imekwenda bure ingawa mgongo umeuma uleule. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi yao ya pamoja ya kutafuta vibarua wa mkonge, kusimamia uandikishaji, malori na kambi za njiani. Wakati wa Vita vya Pili wengine walipelekwa kwa amri, bila hata kuulizwa.

Mke wa mzee huyo naye aliniambia jambo ambalo sijalikuta kwenye faili lolote. Mume alipoondoka, alibaki na shamba la juu na vinyungu, yaani bustani za bondeni, peke yake, na watoto. Akaacha shamba la juu. Mwaka wa pili akaacha nusu ya vinyungu. Mume aliporudi na shilingi zake, chakula cha nyumba kilikuwa kinanunuliwa, na fedha ya kukinunua ikamrudisha Tanga. Mkonge ulilipa kodi na papo hapo ukatengeneza hitaji la safari ya pili.

Rungwe, kwa Wanyakyusa, hali ilitofautiana kidogo. Wanyakyusa walipata kahawa na mpunga wa kuuza, na dhahabu ya Lupa ilikuwa jirani. Ndiyo hiyo iliyoikuza Mbeya kuwa mji. Hata hivyo wengi walisajiliwa Wenela, shirika lililoandikisha vibarua wa migodini, wakaenda kuchimba Afrika Kusini. Njombe penyewe ajira kubwa ya karibu ilikuja 1949, kampuni ya miwati, miti ambayo magome yake hutoa dawa ya kulainishia ngozi, ilipoanza.

Mwalimu alifuta kodi ya kichwa 1969. Ikarudi miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, ikaondolewa 2003. Njia zilizokwisha kuchongwa hazikufutika pamoja nayo: ndugu aliyebaki Korogwe, shangazi aliyeko Muheza, jirani anayejua nani anatafuta mfanyakazi. Msichana anayepanda basi leo anapita kwenye njia hizo.

Na kama bado unaamini ni asili, watazame Wakinga. Wazazi wao walikuwa manamba kama Wabena. Leo nenda Kariakoo, Dar es Salaam, au Mwanjelwa, Mbeya, uone maduka ni ya nani. Na tayari nasikia watu wakisema Mkinga amezaliwa mfanyabiashara.

Ombi langu moja: kama nyumbani kwenu kuna kipande au stakabadhi ya kodi ya babu, msiichome wala msiitupe mnapohamisha masanduku. Ipigeni picha pande zote mbili, andikeni nyuma ya picha jina la kijiji alikotoka na shamba alilofanya kazi, na muulizeni bibi, kama yupo, nani alilima mwaka ule.