Mwanamke wa koti la njano si wa kwanza kuchorwa akiandika

Ujumbe ule umerudi tena kwenye magrupu: eti picha ya mchoraji Mholanzi Johannes Vermeer ya mwanamke wa koti la njano anayeandika barua, ya karibu 1665, ndiyo ya kwanza duniani kumwonyesha mwanamke akiandika. Si kweli. Miaka kama 10 kabla yake, Mholanzi mwingine, Gerard ter Borch, alishamchora mwanamke ameinamia barua, zulia la meza limesogezwa kando. Ziweke pamoja uone: wa awali hainui macho, wa baadaye amesita, anatutazama. Hapo ndipo palipo na uzuri wa picha ya Vermeer, katika kuendeleza wazo la mwenzake. Umaarufu wa picha hiyo ndio unaowachanganya watu. Linganisha miaka kwenye tovuti za makumbusho yanayozihifadhi, Washington na The Hague, na tafadhali usiusambaze tena ujumbe huo.